Kitufe cha Cheza

Nilikinunua Mwembe Tayari kwa jamaa aliyekuwa anahama:
kisanduku cheusi cha gemu, ukubwa wa bunda la tende,
kona moja imemegeka,
na nilipokifungua, mchanga wa Nyali ukanimwagikia mapajani.

Mwaka mzima Mbwana na Shekuwe, wana wa dada,
walikichezea mpira sebuleni kwetu Guraya.
Kisha kikaanza kuchoka. Golikipa hukwama hewani,
mikono wazi, kama mtu angojaye kutupiwa mtoto.

"Mjomba, watunyang'anya?"
"Natengeneza."
"Kwani kutengeneza ni kufuta?"

Ilikuwa kufuta. Nilifuta ligi nzima,
vikombe vyao, wachezaji waliowapa majina ya paka.
Nikasugua feni kwa mswaki wa zamani,
nikapaka chipu dawa mpya ya kupoza moto,
nikapandikiza programu moja tu, ya picha na sauti.
Usiku wa kwanza: skrini buluu.
Usiku wa pili: asilimia tisini na mbili, tokeni zikaisha.
Usiku wa tatu nilinunua stima kwanza.

Menyu niliitia Kiswahili mwenyewe:
Cheza. Ngoja. Rudi.
Neno moja lilinishinda siku mbili, nikaandika Ulipoachia.

Kaseti zilikuwa kumi na moja, chini ya kitanda cha mama,
zimefungwa kwa leso iliyopauka.
Swabri wa Bondeni alizitoa kuvu,
akazihamishia kwenye fleshi ndogo kuliko kidole gumba.
Mama hakuamini. "Harusi nzima ya Khole imo humo? Na biriani?"

Nikampa padi. Akaishika kama aliyepewa kaa angali hai.
"Bonyeza Cheza, mama."
"Nimetoka edani juzi, leo nicheze?"
"Si wewe. Kanda ndiyo ichezayo."
"Kanda haina miguu."
Lakini kidole kilikuwa kishabonyeza.

"Ngoja! Ngoja!" aliipigia kelele runinga,
padi ameisahau mapajani.
Akaenda mpaka kwenye kioo, akakigusa kwa ukucha.
Kati ya watu mia, jasho, asumini, taa ya mpigapicha,
aliona kitu kimoja. Akachukua simu,
akamrekodia Bi Khole, sauti ya taratibu, mizani kamili:

*Sinia nalikwazima, la shaba wala si bati,*
*Leo naliona zima, limebeba biskuti,*
*Si kwamba nakusakama, wala sizushi mtiti,*
*Lirudishe kwa heshima, picha haitaki cheti.*

Sinia lilirudi Alhamisi, limefungwa gazeti, bila salamu.
Lina kibonyeo kimoja. Mama kalisugua kwa ndimu na jivu,
kalisimamisha kando ya kisanduku.
Mbwana akaliangalia sana. "Basi hilo ndilo kombe letu."

Nilidhani mambo yameishia hapo.

Ila kisanduku hiki hakisahau mahali.
Kila alfajiri nikikiwasha, kabla mtu hajaamka,
chaniuliza swali lile lile kwa herufi nyeupe:
Ulipoachia, 42:07?

Jana nikajibu ndiyo.
Si sinia. Sinia li dakika ya kumi na tisa.
Hapa ni uani, masufuria, moshi,
na bega la mtu linakatiza, kreti ya soda juu yake.
Nusu uso. Baba, na nywele zake zote.
Anafinya jicho, anamwambia mpigapicha,
"Ondoa taa hiyo, yaniumiza mato,"
kisha anapita.

Sekunde nne.
Nikasikia kandambili za mama ukumbini.
Nikazirudisha nyuma zile sekunde nne,
moja moja,
nikazima.